UZI: Taifodi "sugu", Widal ya mia na sitini, na dawa zinazotuishia mkononi

Mama Kigae (mtoa uzi)

Wakuu, salaam. Humu mimi ni msomaji wa kimyakimya, ila jana kazini uvumilivu ulinishinda, nikasema leo nafungua uzi.

Niko maabara mwaka wa 11 huu. Mji siutaji. Jana kaja kijana wa bodaboda, helmeti kwapani, cheti kimeandikwa wale watatu wetu wa kila siku: malaria, mkojo, Widal (kile kipimo cha damu cha taifodi kinachotoka na namba). Sijamfunga hata mpira mkononi ananiambia, "Dada, mimi najijua, nina taifodi sugu. Wewe niangalizie tu imefika ngapi." Nikamuuliza kwani ilikuwa ngapi. "Mwezi wa tatu mia na sitini. Mwezi wa sita mia tatu na ishirini. Ilipanda." Anazitaja kama matokeo ya ligi. Mwaka huu peke yake ameshameza sipro, vile vidonge vya antibayotiki, dozi nne, na juu yake sindano za seftriaksoni alizochomwa mtaani, idadi haikumbuki.

Nikampima. Mia na sitini. Akafurahi kabisa! "Si nilikwambia?" Akaondoka kwenda kununua dozi ya tano.

Sasa niwaambie kinachofanyika nyuma ya kile kidirisha. Nachukua kigae cheupe, nadondoshea tone la seramu yako. Juu yake naweka tone la kitendanishi, kimoja cha buluu, kingine chekundu. Nakoroga kwa kijiti, nakizungusha kigae mkononi kama dakika moja, nainama chini ya taa kuangalia kama vimegandana vipunjepunje mithili ya maziwa yaliyokatika. Basi. Hiyo ndiyo taifodi yako. Saa nne asubuhi nikiwa sijachoka naweza kusema hakuna kitu, saa kumi jioni foleni imefika mlangoni tone lile lile nikaliandikia themanini.

Na hata nikilisoma vizuri, kipimo hiki hakimtafuti mdudu. Kinatafuta kingamwili, yaani nyayo za mdudu aliyewahi kupita, au za ndugu yake, au za mgeni mwingine kabisa aliyeuchokoza mwili. Malaria inaweza kukichanganya. Taifodi ya mwaka jana inaweza kukichanganya. Kwenye mji kama wetu, wenye maji haya tunayoyajua, watu wazima wenye afya zao wanatembea na mia na sitini na wanacheza mpira.

Alikianzisha Mfaransa, Georges-Fernand Widal, mwaka 1896. Kwa wakati wake kilikuwa mkombozi. Lakini kuna kazi ilifanyika hospitali moja ya wilaya kule Muheza, ikachapishwa 2010: watoto waliolazwa na homa walifanyiwa Widal na damu zao zikaoteshwa papo hapo, yaani zikawekwa kwenye chupa kuona kama mdudu mwenyewe atakua. Kati ya wale ambao Widal ilisema ndiyo, waliootesha mdudu wa taifodi kwelikweli walikuwa kama robo tu. Na hiyo ni Widal ya kwenye tyubu, ya watafiti, iliyofanywa kwa utulivu. Si hii yangu ya kigae.

Zamani kwenye kituo kimoja nilimwambia mwenye mali tukiache hiki kipimo. Akaniuliza unadhani mshahara wako unatoka wapi. Nikarudi kwenye kigae changu.

Naendelea, kuna la pili kubwa zaidi. Ngoja nipike kwanza.

Babu Feri

Nakaa kiti cha mbele kabisa. Muhudumu, kahawa na kashata.

Binti Mikoko

Mtoa mada umenigusa. Mimi taifodi sugu mwaka wa tatu huu. Tumbo linajaa gesi, mgongo unauma, uchovu, mdomo mchungu. Kila nikipima ipo. Nimeshatumia mpaka mwarobaini. Unataka kusema siumwi?

Duka la Kona

Mnatuonea sana watu wa dawa. Mtu anakuja na elfu mbili mkononi na karatasi ya maabara imeandikwa chanya, anataka sipro vidonge sita. Nikimwambia dozi nzima hana hela. Nikimwambia arudi kwa daktari anavuka barabara kwa jirani yangu, ambaye atampa vinne. Mimi nina kodi ya fremu.

Dkt. Mpitanjia

Mama Kigae, nakubaliana na wewe kwa asilimia kubwa, ila usiwafiche watu upande wa pili. Kuotesha damu nako si msumeno. Tunamnasa mdudu kwa kama 60 tu katika kila wagonjwa 100 wa taifodi ya kweli, maana kwenye damu anakuwa haba sana, na mgonjwa akishameza antibayotiki njiani ndiyo kabisa. Kwa hiyo ile robo ya Muheza kiukweli inaweza kupanda kidogo.

Lakini hata ukiipandisha, picha haibadiliki. Kuna utafiti wa watoto zaidi ya 1,000 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara, ulitoka 2014, walipimwa mpaka virusi. Taifodi haikufika 4 kwa kila 100. Wengi wao ni virusi vya kifua na mafua. Na ule wa waliolazwa Moshi, wagonjwa 870: kwenye vyeti zaidi ya nusu wameandikwa malaria, waliokuwa nayo hawakufika 2 kwa 100! Kulikuwa na homa ya mgunda (ile ile iliyokuja kutangazwa Lindi 2022), brusela ya kwenye maziwa na mifugo, chikungunya. Nani kati yetu alikuwa anaandika homa ya mgunda kwenye cheti?

Mama Kigae

Dokta asante, umenisahihisha kwa haki, nimelipokea.

Duka la Kona, sikuonei. Wewe na mimi tuko kwenye mnyororo mmoja: mimi natoa karatasi, wewe unatoa vidonge. Nikiacha kutoa karatasi za uongo, wewe utapungukiwa wateja wa vidonge vinne.

Binti Mikoko, nakujia. Nimalizie kwanza.

Taifodi ya kweli ipo, na ndiyo inayonitisha. Kuna siku chupa ya damu ya mtoto mmoja imeota. Nikaihamishia kwenye sahani, kesho yake vimelea vimetoka vyeupe, laini, havijabadilisha rangi ya sahani, moyo ukaniambia huyu ndiye. Nikampanda kwenye sahani ya pili kwa ajili ya dawa. Kwa wasiojua: unampaka mdudu sahani nzima kama unavyopaka siagi kwenye mkate, unatandika juu yake vile vikaratasi vya duara tunaviita diski, kila kimoja na dawa yake, unalaza usiku kucha kwenye joto la mwili. Asubuhi, dawa inayofanya kazi inakuwa imejisafishia uwanja kuizunguka, na ule uwanja unapimwa kwa rula, milimita.

Ampisilini: hakuna uwanja. Mdudu kaota mpaka ukingoni mwa karatasi. Kloramfenikoli: hakuna. Septrin: hakuna. Sipro ilikuwa na uwanja, na hapo ndipo wengi wetu tunapopumua na kuandika "inafaa". Nikaangalia diski ya jirani, pefloksasini, ambayo ndiyo tunayoitumia kumkamata anayejificha. Uwanja finyu. Maana yake ngao ya kwanza dhidi ya kundi zima la sipro ameshaivaa, na yule mtoto angepewa sipro homa ingekokota wiki nzima mama akidhani dawa ni feki.

Kila dawa kati ya hizo iliwahi kuwa mfalme. Kloramfenikoli ilianza kutibu taifodi 1948, watu waliokuwa wanakufa wakawa wanaamka. Mwaka 1972 Mexico ikapata mlipuko mkubwa ambao dawa hiyo haikufua dafu. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980, huko Asia, zile tatu za zamani zikagonga mwamba kwa pamoja. Tukahamia sipro. Sipro ikaanza kulegea, tukahamia seftriaksoni.

Na hapa ndipo vinasaba vinapoingia, kwa sababu bila vinasaba tungedhani kila mji umezalisha usugu wake kwa makosa yake. Mdudu wa taifodi ana herufi kama milioni 4.8 kwenye vinasaba vyake, na mstari mmoja wa ukoo, kwa wastani, haufikishi hata kosa moja la kunakili kwa mwaka. Kwa hiyo ukiwasoma wawili herufi kwa herufi, unajua wametengana lini, kama wazee wa ukoo wanavyojua nani kazaliwa na nani. Zamani maabara zilikuwa na mbinu nyingine, za kuwatenganisha kwa virusi vinavyowala au kwa kukata vinasaba vipande na kuangalia mistari, lakini hawa jamaa wanafanana mno, mistari ilikuwa inatoka ile ile.

Mwaka 2015 zikachapishwa jenomu (vinasaba vyote vya mdudu mmoja, mwanzo mpaka mwisho) zaidi ya 1,800 kutoka nchi 63. Karibu nusu ni ukoo mmoja. Mmoja! Unaitwa H58. Umeanzia Asia ya Kusini miongo michache tu iliyopita, ukaja Afrika, na kwenye mti wa ukoo unaonekana ukishuka kupitia Kenya na Tanzania mpaka Malawi na Afrika Kusini. Mwaka 2022 wakarudia na jenomu zaidi ya 7,600, wakahesabu kwamba tangu 1990 taifodi zenye usugu zimevuka kutoka nchi moja kwenda nyingine karibu mara 200. Na mdudu huyu hana mnyama wa kumpanda, haishi kwa panya wala kuku. Anasafiri ndani ya binadamu tu. Sisi ndio basi lake.

Ngosha Daladala

Aisee. Kwa hiyo bakteria ana ukoo unaojulikana kuliko wangu mimi.

Omondi wa Estate

Niaje wadau. Huku Nairobi hii story tunaijua. Profesa Samuel Kariuki na wenzake wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walishaonyesha 2010 kwamba taifodi sugu ya Kenya ni huo ukoo wa H58. Halafu wakaenda Mukuru, mtaa wa mabanda, wakachukua sampuli za watoto wagonjwa na pia watoto wa rika lao wenye afya wa mtaa huo huo. Walipata wanaobeba mdudu bila hata kujua. Na vinasaba vikaonyesha hakuja mara moja, ameingia mara kadhaa, kila kundi na safari yake. Mimi nimekulia karibu na huko. Bomba la maji linapita ndani ya mtaro, na likipasuka linafungwa na kipande cha tyubu ya baiskeli. Mwenye anauza maji hana makosa na mwenye anaosha mboga hana makosa, lakini wote wanapeana.

Mwana wa Katwe

Mlipuko wa Kampala 2015 mimi nilikuwepo. Ulianza Januari, walioshukiwa kuumwa walipita 10,000. Ilikuwa katikati ya mji, watu wa garaji, wachuuzi, wapagazi. Tulikuwa tunakunywa maji ya vifuko na juisi za barabarani, ndiyo ilikuwa kiburudisho chetu mchana. Walipokuja kupima maji ndiyo tukajua tulikuwa tunanunua ugonjwa kwa shilingi mia mbili. Kabla ya hapo kule Kasese watu walikuwa wanapasuliwa matumbo kwa sababu utumbo umetoboka. Sasa mtu mwenye utumbo uliotoboka ndiye mwenye taifodi jamani, siyo mwenye mdomo mchungu.

Binti Mikoko

Kaka wa Katwe mdomo mchungu unauma vilevile.

Fundi Selemani

Swali la mshamba: mdudu mmoja anajuaje kuzishinda dawa tatu kwa mpigo? Anajifunza wapi?

Mama Kigae

Fundi, hilo si swali la mshamba, mimi mwenyewe lilinichukua muda.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kosa la kunakili: herufi moja inabadilika mahali sipro inaponatia, dawa ikija inakuta kitasa kimebadilishwa. Hiyo inarithiwa na watoto wake tu. Ya pili ni plazimidi. Ni kiduara cha vinasaba kilicho nje ya vinasaba vyake vikuu, na bakteria wanapeana mkono kwa mkono, hata wasio wa kabila moja. Ichukulie kama flashi. Mmoja ana faili la kuishinda ampisilini, mwingine la kloramfenikoli, mwingine la Septrin, yote yanakusanyika kwenye flashi moja, na flashi inazunguka. Akiipokea moja, amepokea zote.

Ndicho kilichotokea Sindh, Pakistan, kuanzia Novemba 2016, mji wa Hyderabad wa huko. Walipomsoma mdudu wakakuta ni H58 yule yule tunayemjua, ila amepewa flashi mpya yenye faili la kuishinda seftriaksoni na jingine la kumuongezea nguvu dhidi ya sipro. Flashi inafanana na zile za E. koli, bakteria wa kawaida aliyemo tumboni mwako sasa hivi ukisoma hapa. Yaani kila dozi ya bure ya sipro anayomeza yule bodaboda wangu haimfundishi taifodi, kwa sababu taifodi hana. Inamfundisha E. koli wake, anakaa na faili lake, anamsubiri mgeni.

Kwa watu wa Sindh zilibaki azithromaisini ya vidonge na zile sindano kali za hospitali kubwa. Na Bangladesh walishawaona wanaoishinda azithromaisini, taarifa ilitoka 2019.

Kwa walio karibu nasi, angalieni Blantyre, Malawi. Hospitali kubwa ya pale imeotesha damu miaka mingi bila kuacha, ndiyo maana tunajua. Kuanzia 1998 mpaka 2010 walikuwa wanapata wastani wa wagonjwa 14 wa taifodi kwa mwaka. Mwaka 2011 wakafika 67. Mwaka 2013 walikuwa 843. Usugu wa zile dawa tatu ulikuwa chini ya 7 kwa 100, ukafika 97. Walipomsoma: H58. Ukoo ulihamia mjini, ukawafukuza wenyeji. Nimeona maabara ngapi za kwetu zenye daftari la kuotesha damu la miaka kumi bila kurasa nyeupe katikati? Nahesabu kwa vidole na vinabaki.

Duka la Kona

Sasa kama watu wameshaacha kloramfenikoli miaka yote hii, si irudi tu? Mdudu si ameshaisahau?

Dkt. Mpitanjia

Umefikiria vizuri kuliko unavyodhani. Sehemu za Asia ya Kusini imetokea hivyo hivyo: dawa za zamani zilipoachwa, wadudu wengi wakatupa ile flashi, kwa sababu kuibeba ni mzigo. Tatizo kuna tawi la H58 lililolihamisha faili kutoka kwenye flashi likalibandika kwenye vinasaba vikuu. Hapo halitupwi tena, limekuwa ukuta wa nyumba. Na kloramfenikoli yenyewe ina ule mkasa wake adimu wa kuua uboho. Usiitoe stoo bado.

Mzalendo Halisi

Naona mnaelekea kwenye chanjo. Mabeberu wametengeneza ugonjwa, wameutia usugu, wanatuletea chanjo. Niliwaambia.

Omondi wa Estate

Mzalendo, mdudu ametoka Asia kwa miguu ya watu, beberu hana habari. Huku tulichanja Julai 2025, miezi 9 mpaka miaka 14. Wangu wawili wamechanjwa, mmoja alilia, mmoja akaitisha peremende.

Mama Kigae

Mzalendo, jaribio lilifanyika Blantyre hiyo hiyo ya wagonjwa 843. Watoto zaidi ya 28,000, nusu wakapewa ya taifodi, nusu chanjo nyingine. Iliwakinga kwa kama 80 kwa 100 katika miaka miwili ya mwanzo, na baada ya miaka minne bado ilikuwa karibu na hapo. Malawi ikaanza kuwachanja nchi nzima 2023. Chanjo haimuulizi mdudu ana flashi gani, ndiyo ninachoipendea. Bomba la Omondi lakini halichanjwi.

Haya Binti Mikoko, samahani nimekuweka. Sijasema huumwi. Nimesema kile kigae hakijui unaumwa nini. Wapo watu wanaobaki na taifodi kwa miaka, inajibanza kwenye kifuko cha nyongo. Huko New York mwanzoni mwa karne iliyopita alikuwepo mpishi, Mary Mallon, alihama nyumba hadi nyumba akiacha wagonjwa, wakamweka karantini jumla ya miaka 26. Lakini jambo la ajabu ni kwamba watu wa namna hiyo kwa kawaida hawaumwi kitu. Mary aligombana na madaktari kwa sababu alijiona mzima. Mwenye gesi, mgongo na uchovu miaka mitatu ana kitu kingine, na kila tukikuandikia taifodi tunakifunika hicho kingine.

Nenda hospitali yenye daktari wa kukusikiliza, siyo kituo cha dirisha. Mwambie historia nzima, hata sindano za mtaani. Kama kuna homa ya kweli, waombe waoteshe damu kabla hujameza chochote. Kwa mtu mzima wachukue kama mililita 10, wakichukua kidogo kama cha malaria waambie hiyo haitoshi. Kama homa haipo, vidonda vya tumbo, brusela, ini, vyote viangaliwe. Na kama uko kwenye dozi aliyokupa daktari usiikate kwa sababu ya uzi wangu.

Binti Mikoko

Nimekuelewa dada. Jumatatu naenda.

Babu Feri

Tunasubiri mrejesho. Kahawa imeisha, leteni nyingine.

Binti Mikoko

Wapendwa, mrejesho. Nimeenda, nimekaa foleni toka saa moja. Daktari kanisikiliza vizuri, kaandika kuotesha damu na brusela. Nimeshuka maabara, kaka wa pale akasema chupa za kuotesha ziliisha mwezi uliopita, hajui zitakuja lini. Kwa kuwa nilishalipia, akanifanyia Widal.

Mia na sitini.